Maswali ya Wasomaji: Selaginela ya Mwambani na Namna ya Kuitambua

Tangu mvua zianze, maswali mengi yaliyotufikia kutoka magharibi mwa Kenya na Nakuru yanahusu uoto mdogo unaofunika mawe. Tumeyajibu pamoja kwa kuwa jibu la mmoja linamsaidia mwingine.

Kwenye mawe makubwa nyuma ya boma letu, si mbali na Kit Mikayi, kuna uoto unaotambaa juu ya jiwe tupu. Januari na Februari huwa wa kahawia na ukiukanyaga unavunjika. Mvua ya kwanza ikinyesha, kesho yake umekuwa kijani. Jirani anasema ni kuvumwani. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema ni kangaga. Nani amepatia?
*Mama wa Seme, Kaunti ya Kisumu*

Mama, mwanao amekaribia zaidi, ingawa naye hajafika. Kwa maelezo yako na picha ulizotuma, huo ni mmea wa jenasi ya *Selaginella*. Hapa tutauita selaginela. Miongoni mwa selaginela za mwambani za Afrika Mashariki, ya kwanza kuifikiria mahali kama kwenu ni *Selaginella dregei*. Si kuvumwani, kwa sababu ndani ya shina na jani lake mna mishipa ya kupitisha maji, na chini ina mizizi halisi. Wala si kangaga: ukoo wake ulijitenga na ukoo wa kangaga na mimea ya maua yapata miaka milioni 400 iliyopita. Inafanana na kangaga kwa kuwa nacho kina mishipa na mizizi halisi, hakina ua wala mbegu, na huzaliana kwa spora, yaani chembe ndogo za uzazi.

Sasa namna ya kuthibitisha. Kosa la kwanza la watu wengi ni kuichunguza ikiwa kavu. Selaginela kavu imekunja majani yake yote kulifuata shina, na ikiwa hivyo hufanana na mimea mingine kumi ya mawe. Chukua kipande cha upana wa vidole viwili, ukitumbukize kwenye bakuli la maji safi, ukiache saa mbili au tatu. Kikiwa kimekauka kwa miezi, kiache hadi asubuhi. Ukikitoa utaona majani yamejitandaza na kijani kimeanza kurudi.

Tafuta lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Zile za masonara zinatosha, na zinauzwa pia katika maduka ya vifaa vya maabara. Kamera ya simu inasaidia kutunza picha, lakini isichukue nafasi ya lenzi, maana hung'ang'ania kulenga jiwe na kuliacha jani likiwa na ukungu.

Anza na majani. Kwenye *S. dregei* na jamaa zake wa karibu, majani yote yana umbo moja: membamba, mafupi, yamebanana kulizunguka shina pande zote, na yameelekea kwenye ncha ya tawi. Mengi hayafiki milimita 5. Kila jani lina mshipa mmoja tu katikati, halina matawi ya mishipa. Ncha ya jani huishia kwenye unywele mgumu, mara nyingi mweupe au wa rangi hafifu, na pembeni mwa jani kuna vinyweleo vidogo vinavyoonekana ukilielekeza jani kwenye mwanga. Wingi wa nyweleo hizo za ncha ndio unaoufanya mmea mkavu uonekane wa kijivu ukiutazama kwa mbali.

Kisha geuza kipande uone upande wa chini. Shina ni jembamba, gumu, linatambaa na kugawanyika mara kwa mara. Humo hutokea nyuzi zisizo na jani hata moja, zikishuka kuelekea kwenye udongo. Zikigusa udongo hugawanyika na kuwa mizizi. Nyuzi hizo ni alama kubwa ya selaginela, na kuvumwani hana kitu kama hicho. Ukivuta shina polepole utahisi linakataa kukatika, ilhali la kuvumwani hukatika bila ubishi.

Mwisho tazama ncha za matawi, na hapa usiharakishe. Selaginela iliyokomaa hubeba koni. Usitarajie koni nene kama ya msonobari: hii ina unene unaokaribiana na wa tawi lenyewe, na urefu wake ni milimita kadhaa hadi sentimita moja au mbili. Ndiyo maana watu huipita bila kuiona. Alama yake ni pembe nne. Majani ya tawi la kawaida yamezunguka bila mpangilio unaoonekana kwa urahisi, bali yale ya koni yamejipanga katika safu nne zilizonyooka. Bingirisha ncha ya tawi kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa ni koni, utazihisi pembe.

Ukiwa na sindano na subira, chomoa jani moja la koni kutoka chini. Kwapani mwake mna kifuko cha spora. Fungua vifuko kadhaa juu ya karatasi nyeupe, kwa kuwa vipo vya namna mbili. Vingine vina spora kubwa chache, kwa kawaida nne, na macho yenye afya yanaziona kama chembe za mchanga mwembamba. Vingine vina mamia ya spora ndogo zinazomwagika kama unga wa manjano au rangi ya chungwa. Spora kubwa huzaa mmea wa kike, ndogo huzaa wa kiume, na ili vikutane lazima kuwe na utando wa maji juu ya jiwe. Ukiziona spora za namna mbili kwenye mmea wenye mizizi na majani ya mshipa mmoja, umemaliza kazi ya kuthibitisha jenasi.

Kuhusu huko kukauka na kurudi: mmea huu unaweza kupoteza zaidi ya asilimia 90 ya maji yake bila kufa. Unapokauka, sukari na protini maalumu hulinda ngozi za seli zisipasuke wala kugandamana, na majani yaliyojikunja pamoja na nyweleo zake hupunguza jua linalofika ndani. Jambo jingine ni kwamba selaginela haitupi kijani chake chote inapokauka. Imekihifadhi, ndiyo sababu kesho yake tu inaonekana hai. Kwenye majabali hayo hayo huenda mkawa na *Xerophyta*, kichaka kidogo chenye majani marefu kama ya nyasi na mashina yaliyofunikwa na mabaki ya majani ya zamani. Chenyewe huvunja kijani chake wakati wa ukame, na mvua ikinyesha hukitengeneza upya, kwa hiyo hukawia siku kadhaa.

Nilifuata maelezo ya kitabu cha shule nikitafuta selaginela karibu na Menengai. Nimepata mmea wenye nywele nyeupe nchani kabisa, umejaa kwenye mwamba, lakini koni sioni. Nimekosea wapi?
*Kijana wa Nakuru*

Hujakosea kuangalia, ila umetegemea alama moja. Nywele nyeupe nchani si mali ya selaginela peke yake. Baadhi ya kuvumwani wa jenasi ya *Campylopus* huota kwenye miamba na udongo mwembamba wenye jua, na nchani mwa majani yake kuna unywele mweupe uliotamka. Picha yako ya tatu inaonyesha jambo linalotosha: mmea ukiwa mkavu, nywele za juu zimetawanyika kwa pembeni, na ukiutazama kutoka juu unaona nyota ndogo nyeupe nyingi. Hiyo ni *Campylopus*. Nywele za selaginela kavu hukusanyika na kuelekea mbele, kwenye ncha ya tawi.

Ukitaka uhakika, ng'oa shina moja. *Campylopus* husimama wima, mashina yakiwa yamebanana, na chini utakuta manyoya ya kahawia yanayoshika jiwe, si mizizi. Selaginela hutambaa. Kuvumwani akizaa, hutoa kikonyo chembamba chenye kifuko kimoja juu yake. Ukikiona kikonyo cha namna hiyo, funga mjadala.

Na neno moja kuhusu mwamba wenyewe. Mawe ya Menengai ni ya volkano, yenye vishimo na vumbi la majivu, tofauti na graniti ya Seme, Maragoli au Bunyore. Andika aina ya jiwe kila unapopiga picha. Mtu anayekusaidia kutambua mmea kutoka mbali ataliuliza hilo kabla ya mengine.

Programu ya simu inayotambua mimea imeniambia mmea wa mwambani hapa kwetu ni *Selaginella rupestris*. Ilijiamini sana. Je, niiamini?
*Msomaji wa Bungoma*

Usiiamini. *Selaginella rupestris* ni mmea wa mashariki mwa Amerika Kaskazini, kuanzia Kanada kushuka hadi majimbo ya kusini mashariki mwa Marekani, na unapatikana pia Greenland. Hauoti Kenya. Programu hizo hujifunza kutokana na picha zilizopo, na picha za selaginela za mwambani za Wamarekani ni nyingi mno kuliko za kwetu. Ikikutana na mmea wa umbo hilo, hukupa jina inalolijua zaidi.

Hata hivyo kosa hilo lina historia. Linnaeus aliuandika mmea wa Amerika mwaka 1753 kwa jina la *Lycopodium rupestre*, na baadaye ukahamishiwa jenasi ya *Selaginella*. Kwa miaka mingi wataalamu waliziweka selaginela nyingi za mwambani, za Afrika zikiwemo, chini ya jina hilo moja, kwa kuwa zote zina majani ya umbo moja, nywele nchani na koni ya pembe nne. Mjerumani Georg Hieronymus ndiye aliyezitenganisha, mwaka 1900. Kwa hiyo ukikuta *S. rupestris* katika orodha ya zamani ya mimea ya Afrika, soma kama "moja kati ya kundi lile".

Huo mmea wa Amerika, *S. rupestris*, una tabia moja inayofaa kujulikana: mara nyingi vifuko vyake vina spora kubwa tu, chache kuliko nne, na mmea mpya hutokea bila kurutubishwa.

Kutenganisha *S. dregei* na ndugu yake *Selaginella caffrorum*, ambaye naye yupo Kenya na hutandaa juu ya mawe vilevile, si kazi ya simu wala ya macho matupu. Inabidi upime urefu wa unywele wa ncha, uangalie kama majani ya upande wa juu wa shina yanatofautiana na ya upande wa chini, uangalie jani linavyoshikana na shina, na uhesabu vinyweleo vya pembeni, yote chini ya hadubini inayokuza walau mara 20, ukilinganisha na vielelezo vilivyokwisha kutambuliwa. Bila hayo andika "Selaginella, kundi la majani sawa, mwambani". Jina pungufu lililo kweli lina faida kuliko jina kamili la kubahatisha.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Wanafunzi wameleta selaginela mbili: moja kutoka mawe ya Ilesi, nyingine kutoka ndani ya msitu wa Kakamega. Hazifanani hata kidogo. Kweli ni jenasi moja?
*Mwalimu, Kakamega*

Ni jenasi moja, Mwalimu, na tofauti hiyo ni somo zuri. Ile ya msituni ina majani ya ukubwa wa namna mbili, yaliyopangwa katika safu nne: safu mbili za pembeni zina majani makubwa yaliyotanuka kushoto na kulia, na safu mbili za juu zina majani madogo yaliyolala juu ya shina. Tawi zima hulala bapa. Wape wanafunzi lenzi, waangalie upande wa juu wa tawi. Wakitazama upande wa chini, majani madogo hayaonekani, na ndipo huanza kubishana.

*Selaginella kraussiana*, inayopatikana katika misitu yenye unyevu ya Afrika na kupandwa kama pambo sehemu nyingi za dunia, ni mfano unaojulikana zaidi. Shina lake lina viungo: tazama karibu na panapogawanyika matawi, utaona shina limebana kidogo kama kifundo. Hiyo haivumilii kukauka. Iweke juani mchana mmoja na haitarudi tena. Basi mnaweza kufanya jaribio la haki darasani: vipande viwili, kimoja cha kila aina, vikaushwe kivulini juu ya karatasi siku tatu, kisha vilowekwe usiku kucha. Cha mwambani kitafunguka na kurudi kijani. Cha msituni kitalegea na kubaki cha kahawia.

Tahadhari moja. Msiwafundishe kwamba kila selaginela ya mwambani ina majani sawa. *Selaginella phillipsiana*, ya sehemu kavu za Pembe ya Afrika na Kenya, huota penye mawe na ina majani ya namna mbili. Makazi yanakuonyesha pa kuanzia tu; lenzi ndiyo inayoamua.

Na mkitaka kuitofautisha jenasi nzima na jamaa zake wa ukoo wa *Lycopodium*, wenye umbo linaloshabihiana, tafuteni ulimi mdogo sana usio na rangi kwenye sehemu ya juu ya kitako cha jani. Selaginela wanao, *Lycopodium* hawana. Hunyauka mapema, kwa hiyo chomoeni majani machanga karibu na ncha, yakiwa mabichi, na mtumie hadubini. Njia nyepesi ni spora: *Lycopodium* wana spora za ukubwa mmoja tu.

Kuna anayeuza mtandaoni "mmea wa ufufuo", mpira mkavu unaofunguka ukiuweka majini. Anadai ni ule ule wa mawe ya kwetu. Bei ni ya kutisha.
*Dada wa Milimani, Kisumu*

Dada, si ule ule. Mpira unaouzwa hivyo kwa kawaida ni *Selaginella lepidophylla* wa jangwa la Chihuahua, Mexico na kusini mwa Marekani. Matawi yake hujikunja kuelekea ndani hadi mmea mzima ukawa mviringo wa saizi ya ngumi. Wa kwetu hautengenezi mpira. Unatandaa, na majani ndiyo yanayojikunja. Wakati mwingine hata huo wa Mexico sio unaouzwa, bali *Anastatica hierochuntica* wa majangwa ya Mashariki ya Kati na Sahara. Huo ni mmea wa maua wa msimu mmoja uliokwisha kufa. Hufunguka majini kwa sababu mbao zake hunyonya maji na kutanuka, lakini kijani hakitarudi kamwe. Utautambua kwa vijiti vigumu vya mti visivyo na magamba ya majani.

Zingatia hili kabla hujatoa pesa: selaginela iliyokufa nayo hufunguka. Kujikunja na kujikunjua kwa matawi hutokana na tishu zinazonyonya maji kwa viwango tofauti, na hizo hufanya kazi hata mmea ukiwa maiti. Kufunguka mbele yako hakuthibitishi chochote. Mwambie muuzaji auache majini hadi kesho yake. Ulio hai utaonyesha kijani katikati. Uliokufa utafunguka vizuri na kubaki wa kahawia, na baada ya siku chache maji yataanza kunuka.

Ukiununua, uweke kwenye sahani yenye kokoto, maji yaguse mizizi tu, ubadilishe maji kila siku, na baada ya wiki moja hivi uuache ukauke kabisa. Wengi huuweka majini mwezi mzima kwa mapenzi, nao huoza.

Naweza kuupanda ule wa mwambani kwenye chungu? Nilijaribu kwa udongo wa Kano na mbolea ya ng'ombe, ukawa mweusi.
*Mzee wa Ahero*

Mzee wetu, ulichoupa ndicho kilichouua. Udongo mweusi wa Kano hushika maji ukilowa na hupasuka ukikauka. Mmea huu unataka maji yapite na kwenda zake. Mbolea nayo huleta magugu na kuvumwani vinavyoufunika, kwa kuwa selaginela hukua polepole na haishindani.

Tumia chungu kipana kisicho na kina, sentimita 5 hadi 8 zinatosha, chenye matundu chini. Changanya sehemu mbili za vipande vya graniti vya milimita 3 hadi 6, sehemu moja ya mchanga mkubwa wa mtoni, na sehemu moja ya majani yaliyooza na kuchekechwa. Usitie mbolea yoyote. Weka kipande cha sentimita 3 au 4 chenye nyuzi zake za mizizi, kibanwe kwa jiwe bapa dogo ili kisielee unapomwagilia. Wiki nne za kwanza rushia maji ya mvua asubuhi, pasikauke kabisa, kwa kuwa mizizi mipya inaanza kushika. Baada ya hapo acha uloane na kukauka kwa zamu kama ilivyo huko mwambani. Ukionyeshewa mfululizo kwenye chungu kisichopitisha maji, shina litaanza kuwa jeusi kutokea chini. Ukiliona hilo, kata sehemu ya juu iliyo nzima na uanze upya. Ukiuweka ndani ya nyumba, matawi yatarefuka, yatakuwa membamba na majani yataachana. Hilo ni ukosefu wa mwanga, si ugonjwa. Upe jua kwa muda wa saa sita hivi kila siku.

Kuhusu pa kuupata: usibandue zulia zima kwenye jabali. Zulia la upana wa karai limechukua miaka mingi kufika hapo, na udongo ulio chini yake limeukusanya lenyewe. Mvua ikinyesha juu ya pengo uliloacha, udongo huo hutiririka na jiwe hubaki tupu. Okota vipande vilivyokwisha kung'oka na kuanguka chini ya mawe, vinafaa sawasawa. Kit Mikayi na mawe mengine ya ibada yana wenyewe, uliza kwanza. Ndani ya mbuga na misitu ya hifadhi usichukue bila kibali.

Nimepewa kazi ya chuo kukusanya vielelezo. Vyangu vya selaginela vimefika vikiwa vumbi na mhadhiri amevikataa.
*Mwanafunzi, Maseno*

Vumbi hilo ni kwa sababu ulivibana vikiwa vikavu. Viloweshe kwanza hadi vifunguke, viguse kwa kitambaa kuondoa maji ya juu, kisha utandaze kwenye gazeti huku baadhi ya matawi yakionyesha upande wa chini. Weka kati ya makadibodi, bana kwa mawe au mikanda, na ubadilishe gazeti kila siku kwa siku tatu za mwanzo. Usitumie mfuko wa plastiki hata usiku mmoja, maana huota ukungu. Chagua kipande chenye koni. Bila koni kielelezo kina thamani ndogo, na pengine hilo ndilo mhadhiri wako alilolilalamikia zaidi. Wakati mzuri ni mvua zikiwa zimekolea, si wiki ya kwanza ya mvua. Kunja bahasha ndogo ya karatasi, utie humo koni mbili tatu zilizolegea na chochote kilichodondoka, kwa sababu spora ndizo atakazozihitaji mtu wa kuhakiki.

Kibandiko kiwe na tarehe, mahali pamoja na vipimo vya GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari, aina ya jiwe, kama jiwe limelala au limesimama, linatazama upande gani, kivuli au jua, na mimea iliyoota jirani. Ukiona *Actiniopteris*, kangaga mdogo mwenye majani yaliyotanuka kama upepeo, mfano wa majani ya mvumo, au *Craterostigma* wa maua ya zambarau na majani yaliyolala chini, waandike. Nao hukauka na kurudi, na kuwepo kwao kunaeleza hali ya maji ya jiwe hilo. Andika kwa penseli, wino hutawanyika ukipata unyevu. Nakala ya pili ikihifadhiwa katika Herbaria ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya vielelezo vya mimea iliyokaushwa, kwenye Makumbusho ya Kitaifa Nairobi, jina lako la mmea linaweza kuhakikiwa hata baada ya wewe kuhitimu.

Je, mizizi ya mmea huu inapasua mwamba? Tunataka kuusugua wote kwenye mawe ya uwanja wetu.
*Msomaji wa Vihiga*

Haipasui. Nyuzi zake ni nyembamba na huingia tu kwenye nyufa zilizokwishakuwepo. Kinachopasua majabali ya Vihiga ni moto unaowashwa juu yake ili kupata kokoto, na huo huua selaginela yote iliyo karibu, kwa kuwa mmea huu huvumilia ukavu, si ndimi za moto. Uacheni. Mkisugua, mtabaki na jiwe tupu lenye utelezi wakati wa mvua, kwa sababu kinachofuata mara nyingi ni utando wa mwani.